Kabla Basi Halijatoka Mbezi: Afya ya Familia Safarini na Baada ya Kurudi

Desemba ikifika, stendi ya Magufuli pale Mbezi hufurika. Tiketi imekumbukwa, kitenge cha bibi kimekumbukwa. Dawa ya presha inakumbukwa basi likiwa Chalinze.

Mwenye presha, kisukari au pumu ahesabu siku za safari kisha aongeze dozi za wiki nzima, maana tiketi za kurudi Januari hugombaniwa. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Buti la basi lina joto kali, na begi likishushwa Korogwe kimakosa, mgonjwa atafika Moshi mikono mitupu. Insulini isigusane na barafu: ikishaganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Kijijini kusiko na friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati yake ujaze mchanga uliolowa, insulini ikae ndani ya kile kidogo.

Nyumbani, kabla hamjaondoka, mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na visahani vya maua, na funika simtangi vizuri. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, hutoka yai hadi mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi. Likizo ya wiki mbili inamtosha kabisa. Kwenye friza acha kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu. Mkirudi mkakuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu au LUKU iliisha, na samaki wale waliyeyuka wakaganda upya. Watupeni bila huruma.

Barabarani, kosa kubwa ni kujinyima maji. Akina mama na wazee huogopa kwamba basi halitasimama kuchimba dawa, hivyo tangu alfajiri hawagusi chupa. Kufika Mombo kichwa kinagonga na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Kunywa mafunda mawili matatu kila nusu saa. Kinachojaza kibofu haraka ni kugida chupa nzima kwa mkupuo. Basi likisimama, shuka utembee, hata kama hununui kitu. Ukiwa kitini, zungusha vifundo vya miguu, kwa sababu damu ikituama kwenye mashavu ya miguu inaweza kuganda, na mjamzito yuko kwenye hatari zaidi. Mtoto anayetapika akae mbele, atazame mbali, simu mpokonye. Apewe mkate au kiazi cha kuchemsha saa moja kabla ya safari. Chipsi mayai zisubiri.

Kwa mtoto atakayeharisha, beba ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, na vidonge vya zinki. Soma pakiti ya ORS inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja. Kuikoroga yote kwenye glasi moja ni hatari, maana chumvi inazidi na mtoto anazidiwa badala ya kupona. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mdogo zaidi apewe nusu.

Halafu kuna jiko la ukweni. Baba yuko chini ya mgomba na mbege, mama tangu saa kumi na moja alfajiri anasugua masufuria ya watu ishirini. Hiyo si likizo. Patana na msaidizi wa kulipwa kwa siku za sherehe, na tengeni siku mbili zisizo na wageni. Baba ndiye apige simu kwa mama yake, mkiwa bado Dar. Mkamwana akilisema mwenyewe ataitwa mvivu.

Rudini siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, watoto warudie saa zao za kulala. Homa ikitokea ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, hasa kwa waliotoka Kagera, Geita au Kigoma, pimeni malaria siku hiyohiyo na mtaje mlikokuwa. Dalili za malaria huanza kama wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa ameshaisahau safari. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, msikimbilie diclofenac wala aspirini: ikiwa ni dengue, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Mpeni parasetamo na maji, kisha mrudi kwa daktari.