Jua la saa sita si kusini: msipande Taita mwezi wa nane bila dira

Ndugu yangu, umeandika kwamba mwezi wa nane mnakwenda milima ya Taita watu sita, kwamba dira hamnunui kwa sababu rafiki yako amejifunza kwenye video kuitafuta kusini kwa jua la saa sita, halafu ukauliza kuhusu ramani, programu za simu, viatu na maji ya kubeba. Mimi nilipofika hapo kwenye jua, moyo ulinipiga paa. Mwambie huyo rafiki yako aache. Aache leo.

Kanuni hiyo ni ya watu wa Ulaya. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima na kivuli cha saa sita hulala kaskazini siku zote. Sisi Mombasa tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na Taita ni hivyo hivyo, kwa hiyo jua letu linahama. Kuanzia karibu wiki ya pili ya Machi hadi siku za mwanzo za Oktoba, jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Siku linapovuka, liko utosini na kivuli chako unakikanyaga. Sasa nyinyi mnakwenda Agosti! Hiyo video haitawapoteza kidogo, itawageuza nyuma mbele, digrii 180 kamili.

Yalinikuta. Ilikuwa Julai, tulikuwa wanane, tumeshuka treni Voi, tukapanda matatu hadi Wundanyi, na kutoka huko tukaingia msituni kwa miguu. Barabara ya murram tuliiacha upande wa kaskazini, na mpango ulikuwa kurudi kuko huko kabla ya alasiri. Ukungu wa Taita haupigi hodi. Dakika kumi tu na humwoni aliye mbele yako, unasikia viatu vyake vikikanyaga majani. Tulipofika njia inapogawanyika mara mbili hakuna aliyekumbuka tulipita ipi.

Karibu saa sita unusu ukungu ukapungua, jua likachungulia. Kiongozi wetu, ambaye kila mmoja alikuwa amemlipa atuongoze, akatusimamisha. Akatazama kivuli chake, akasema kivuli cha saa sita kinaonyesha kaskazini, barabara iko huko, twendeni. Mimi nilikuwa na dira begini. Nikaitoa. Ncha nyekundu ikaelekea nyuma yetu, kule kule tulikokuwa tunakupa mgongo. Nikamwambia. Akaitazama mara moja akasema, "Dira yako imeharibika. Jua haliharibiki."

Nikairudisha begini.

Naandika hili kwa uchungu mpaka leo. Yule bwana alikosea, lakini jibu lilikuwa mkononi mwangu nikalifungia zipu. Na kwa nini? Kwa sababu dira ile niliinunua kwa ajili ya safari na sikuwahi kuijaribu hata siku moja. Aliponiambia imeharibika sikuwa na la kumjibu. Pengine kweli imeharibika, nitajuaje? Mtu asiyejua chombo chake husalimu amri kwa yeyote mwenye sauti kubwa.

Tukakifuata kivuli. Kivuli cha Julai kule, saa ile, hulala kusini na urefu wake ni karibu nusu ya kimo chako, kwa hiyo kilionekana wazi kabisa, kinashawishi. Tulishuka saa tatu nzima. Ramani ilikuwa ndani ya mkoba wa kiongozi, na laiti mtu mmoja angeifungua angeona kwamba barabara ilikuwa kilomita moja na nusu hivi na njia ya kuiendea ilikuwa inapanda polepole. Sisi tulikuwa tunateremka kwenye bonde, tunasikia maji. Kilomita moja na nusu haichukui saa tatu hata kwa mwendo wa bibi harusi! Hapo pekee palitosha kutusimamisha.

Kwenye maji yale mdogo wangu aliteleza juu ya jiwe, kifundo cha mguu kikavunjika. Tulifunga leso mbili kwenye miti tukambeba. Jua linakaribia kuzama tukamkuta mzee na mbuzi wake, akatutazama kwa huruma akasema, "Wanangu, barabara mmeiacha mgongoni." Treni ilitupita. Usiku ule tulilala kwa wasamaria, baridi imetuingia mifupani, watu wa pwani na fulana zetu nyepesi. Mdogo wangu alikaa na plasta wiki sita. Ni fundi rangi: hapandi ngazi, halipwi.

Baadaye nilimuuliza yule kiongozi aliitoa wapi kanuni ile. Akasema kwenye video, na kwamba aliijaribu mwenyewe hapa Mombasa ikafanya kazi barabara. Aliijaribu lini? Desemba! Desemba jua letu liko kusini, bila shaka itafanya kazi. Na ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Rafiki yako akiijaribu mwezi wa kumi na mbili itamtii, ataiamini, kisha ataipeleka mlimani mwezi wa nane na roho za watu watano nyuma yake. Waliotengeneza video hizo wangesema neno moja tu, "hii ni ya kwetu huku kaskazini," mdogo wangu angekuwa na mguu wake mzima.

Kwa hiyo nunua dira, na kabla hujatoka Mombasa ijaribu kwa kibla, upande wa Makka wanaoelekea Waislamu wakiswali. Hapa Mungu ametupendelea. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, sisi digrii 39.7 mashariki, wao 39.8, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini moja kwa moja. Ndiyo maana wazee wetu wakisema kibla wanaweza kuwa wanamaanisha kaskazini tu. Ikiwa wewe si wa msikitini, muulize jirani yeyote mihrabu, pale mbele ya msikiti anaposimama imamu, inaelekea wapi. Simama mahali pa wazi, mbali na magari, mageti ya chuma na kuta zenye nondo, simu iache kwa mwenzako. Ishike dira mkononi iwe bapa kama sahani ya mchuzi. Ncha nyekundu itazame inakotazama mihrabu. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli kwetu ni ndogo sana, usijisumbue nayo. Fanya leo, fanya kesho, fanya ukiwa Tudor na ukiwa Changamwe, mpaka siku mtu akikwambia imeharibika umjibu bila sauti kutetemeka.

Dukani angalia sindano inazunguka bila kugusa. Dira nyingi zimesawazishwa kwa nchi za kaskazini ya mbali, ambako sumaku ya dunia huivuta ncha ya kaskazini chini, basi mkia wa kusini hutiwa uzito kidogo. Huku kwetu mvuto umegeuka, na mkia huo unaburuta chini na kukwama. Uliza ya upande wa kusini au ya dunia nzima.

Ramani, tafuta karatasi za Survey of Kenya za 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita 1. Mkishuka tu kwenye matatu, kabla ya hatua ya kwanza, weka ukingo wa dira kutoka mlipo hadi mnakokwenda, mshale wa dira ukitazama mnakokwenda. Zungusha mduara wa digrii mpaka mistari yake ilale sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani, herufi N ikitazama kaskazini ya ramani, kisha geuka wewe mwenyewe hadi ncha nyekundu ielekee kwenye N hiyo. Iandike kwenye karatasi namba ya digrii iliyo mbele ya mshale wa dira, na ya kurudia pia, kwa kuongeza au kutoa 180. Namba imeandikwa wakati kila mtu anaona na hakuna anayeogopa, hiyo ndiyo itakayobishana na kivuli ukungu ukija. Na ramani ibebwe na watu wawili, si mmoja.

Simu ni sawa kuwa nayo, lakini isikae karibu na dira: spika yake, na kava zile zenye sumaku, zinaivuta sindano.

Na huyo rafiki yako kama bado anabisha, mwezi wa saba, saa sita unusu, asimame uwanjani Makadara hapa Mombasa, juani, atazame kivuli chake. Kitalala upande wa Likoni. Amuulize mtu yeyote pale uwanjani kama Likoni iko kaskazini au kusini, halafu urudi hapa uniambie amesemaje.