Kabla Hujauliza Swali la Kwanza

Wadogo zangu mnaokwenda kuripoti wilayani, matabibu, wauguzi na maafisa afya, iko siku mtagongewa mlango alfajiri. "Daktari, shuleni watoto wanaanguka." Au mbuzi wanakufa upande mmoja wa mto, au watu wa kitongoji kimoja wanatoka damu puani. Utakwenda, na mji mzima utakuwa nyuma yako: umeingia nyumba ya nani, umeuliza nini, umeandika jina la nani.

Mimi nilikuwa na miezi minne kazini. Jioni moja wasichana tisa wa bweni moja walianguka, wakitetemeka na kulia kwa sauti. Kesho yake walifika ishirini na tatu. Wazazi walishajaa getini, huyu na maji ya dua, yule akitaka aitwe mganga kutoka kijiji cha pili. Nilikuwa na kaunta buku mpya kwapani na nilitaka jibu lipatikane siku hiyo hiyo. Nikamuuliza msichana wa kwanza, wenzake wakisikiliza: "Mlinunua nini kwa yule bibi wa ubuyu?"

Sijafanya kosa kubwa kuliko hilo katika kazi hii. Mimi nilikuwa nawaza chakula, wao wakasikia mtuhumiwa. Kufika magharibi maneno yalikuwa yameenea kwamba daktari kasema ni bibi, na usiku ule mabati yake yakapigwa mawe. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, hasa kule Kanda ya Ziwa, wengine kosa lao ni macho mekundu ya moshi wa jikoni. Nililala macho wazi mpaka asubuhi.

Tangu siku ile kila mgonjwa namuuliza peke yake, na swali ni lile lile kwa wote: "Nieleze siku yako, tangu ulipoamka hadi ulipoanguka." Kama chakula kina mkono, chakula kitajitaja chenyewe kwenye masimulizi ya watu kumi, bila mimi kukitia mdomoni mwa mtu. Halafu nahoji wasiougua. Wageni wengi huwasahau hawa, na ndio wanaofungua fundo. Shuleni pale walimu walikunywa maji ya tangi lile lile na hakuna aliyeanguka. Wanafunzi wa kutwa walinunua ubuyu ule ule, nao wakabaki wazima. Nikachora ramani ya bweni, kitanda kwa kitanda, nikaweka alama kwa kila aliyeanguka na saa aliyoanguka. Alama zikajipanga kwenye vitanda vinavyomtazama yule wa kwanza. Nyuma ya ukuta wa kabati, hakuna hata moja.

Someni habari za Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na walimu hawakupatwa hata mmoja. Shule ikafungwa Machi 18. Sasa angalieni kilichofuata: wasichana walirudi makwao, baadhi Nshamba, na Aprili na Mei watu 217 wa huko wakapatwa. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walifuata nyayo kutoka shule hadi kijiji, nani katoka wapi na kafikia kwa nani. Walipima kwanza wakitafuta vimelea na sumu, hawakuona kitu, ndipo wakaelekeza macho kwenye hofu na msongo unaoambukizana kwa kuonana. Ndiyo maana sina haraka ya kushauri shule ifungwe. Wagonjwa watengwe kwa upole, umati uondolewe madirishani, wazazi waelezwe.

Lakini msije mkajifunza kusema "ni hofu tu" kila mahali. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikuwa wanavimba tumbo na macho yanakuwa ya manjano. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Wagonjwa 68, vifo 20. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu waliugua homa, kichwa na kutoka damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vyote vikarudi hasi, na kila aliyekuwa na simu akawa na jina lake la ugonjwa. Maabara ilipomaliza kazi, ilikuwa homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama kuingia kwenye maji au udongo, na ina dawa. Mtu aliyekwishaamua kwamba ni mashetani, au ni hofu, hachukui sampuli. Chukueni damu, chukueni maji, chukueni unga, andikeni saa na mahali kwenye kila kichupa, na taarifa iende kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo, hata kama hamjui mnachokitaarifu. Andikeni tu mlichokiona: umri, dalili, tarehe, kitongoji.

Siku ya tatu nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji aitishe mkutano. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwa kinywa changu kwamba bibi hahusiki kwa lolote, na kwamba swali lilikuwa langu na lilikuwa kosa. Kisha tukaenda kwake. Alikuwa ameketi mkekani, beseni la ubuyu kalifunika kwa kanga. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kimya kidogo. "Mwanangu," akasema, "si ungekuja kuniuliza mimi?"

Watoto walirudi darasani baada ya wiki mbili. Bibi hakurudi getini. Alihamishia meza yake stendi, chini ya mwembe wa bodaboda, na mpaka nahama wilaya ile nilikuwa nikipita pale jioni kununua.