Usiku wa mashindano ya picha klabuni: maswali yenu

Ni mara yangu ya kwanza kushindana. Nina picha tatu ninazozipenda, naruhusiwa kuingiza mbili. Niache ipi?

Acha ile unayoipenda kwa sababu ya yaliyokupata siku ulipoipiga. Najua inauma. Lakini kwenye mashindano ya klabu jina la mpigapicha kwa kawaida hufichwa. Jaji husomewa kichwa cha picha tu. Hajui kwamba uliamka saa kumi alfajiri ukapanda kilima na tripodi begani.

Mtafute mtu ambaye hakuwepo, mwonyeshe picha kwa sekunde tano, ifiche, kisha muulize ameona nini. Mimi nilifanya hivyo kwa picha ya mshonaji akitunga uzi kwenye sindano. Kwangu, picha ile ilikuwa vidole vyake. Niliyemwonyesha akaniambia: "Nimeona mfuko mweupe." Nikarudi kuitazama. Kweli, juu kabisa upande wa kulia palikuwa na kimfuko cha plastiki, kidogo kama ukucha, ila ndicho kilichong'aa kuliko vyote, na jicho hukimbilia penye mwanga. Nilipoukata upande ule, vidole vikaonekana. Nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nzima bila kuuona mfuko.

Kwenye kompyuta yangu rangi zilikuwa kali, kwenye projekta zikafifia. Nimekosea wapi?

Yaelekea uliihifadhi picha katika mfumo wa rangi wa Adobe RGB, na mitambo iliyotumika kuionyesha haikuusoma ipasavyo. Unapotoa faili la mashindano chagua mfumo wa sRGB, isipokuwa kanuni zenu ziseme vingine. Angalia vipimo pia. Vilabu vingi vya Uingereza, kwa mfano, hutaka picha isiyozidi pikseli 1600 kwa upana na 1200 kwa kimo, kwa hiyo picha ya wima huishia kwenye kimo cha 1200. Punguza ukubwa kwanza, ndipo uongeze ukali wa mistari yake.

Je, faili hilohilo naweza kulichapisha?

Kwa picha ndogo tu. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli 1600 zinakupa upana wa sentimita 13.5 hivi. Karatasi ya A3 kwa kiwango hicho inahitaji takriban pikseli 4,960 kwa 3,508. Rudi kwenye faili la awali. Na picha zako zikitoka nyeusi kila mara, usiilaumu printa kabla hujapunguza mwangaza wa skrini unayohariria. Wengi wetu tunaiwasha kupita kiasi.

Nimepiga ndege mzuri sana, ila kuna kijiti mbele ya mkia. Nikikifuta, bado ataingia kundi la maumbile?

Hapana. Kanuni za kundi la maumbile zinazofuatwa na FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha lililoanzishwa mwaka 1950, zinakataza kuongeza, kuhamisha, kubadilisha au kuondoa kitu kilichomo pichani, isipokuwa kwa kukata kingo. Kufuta madoa ya vumbi la kamera kunaruhusiwa. Kama kijiti kinakukera, mwingize ndege huyo katika kundi la wazi, lisilo na mada maalumu. Mimi ningekiacha na kubaki kwenye maumbile: ndege huishi kati ya vijiti.

Na picha iliyotengenezwa na akili bandia?

Isiingie, labda kama kuna kundi lililotengwa kwa ajili yake. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alishinda kundi moja la Sony World Photography Awards kwa picha ya namna hiyo, akaikataa tuzo na kusema wazi kwamba picha za akili bandia na picha za kamera zisishindanishwe. Nakubaliana naye kabisa.

Jaji aliipa picha yangu alama za chini. Picha hiyohiyo ilishika nafasi ya kwanza klabu nyingine. Nimwamini nani?

Alama ni za usiku ule. Jaji analinganisha picha zilizo mbele yake. Mara nyingi huweka kando zile zilizomgusa, kisha huzirudia mwishoni kupanga washindi. Picha yako ikikutana na kundi zuri zaidi inashuka, ingawa haijabadilika hata chembe.

Wewe shika maneno yake. Njoo na daftari, andika alichosema kuhusu picha yako na kuhusu za wenzako pia, maana kwa za wenzako moyo umetulia na masikio yanasikia vizuri. Majaji wawili wasiojuana wakigusa kona ileile, kaifanyie kazi kona hiyo. Akisema mmoja tu, na umeitazama tena huoni anachokiona, iache kama ilivyo.

Naruhusiwa kumjibu jaji anapozungumza?

Hapana. Msubiri wakati wa mapumziko, mshukuru, kisha muulize: jicho lake lilianzia wapi kwenye picha yako, na likaishia wapi?