Wadogo zangu, "may" si "anaweza" kila mahali

Wadogo zangu mnaoanza kutafsiri mikataba na sheria, rasimu zenu za wiki hii nimezisoma. Kosa lile la zamani limerudi: kila penye "may" mmeweka "anaweza" mkasonga mbele. Nawapenda, lakini kwa hili nitawasumbua.

1. Kwenye sheria, "may" inayotoa mamlaka huyatoa kwa hiari. Someni kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1: penye "may" mhusika anaweza kuyatumia mamlaka hayo au asiyatumie, penye "shall" ni lazima atekeleze. Kwa hiyo "Waziri aweza kutunga kanuni" na "Waziri atatunga kanuni" havibadilishani nafasi hata siku moja.

2. "May not" kwenye mkataba ni katazo. Hapa nikae kidogo, maana hili liliwahi kumuumiza mtu. Mzee mmoja mwenye fremu ya duka Kariakoo aliletewa mkataba wa pango uliotafsiriwa. Kiingereza kilimkataza mpangaji kuipangisha fremu kwa mtu mwingine. Kiswahili kikaandikwa: "Mpangaji anaweza asipangishe fremu hii kwa mtu mwingine." Anaweza asipangishe! Basi anaweza pia kupangisha. Wakasaini nakala ya Kiswahili peke yake. Haukupita muda, fremu ikakatwa kwa mbao, nusu wakaingia mafundi simu, na mpangaji akawa anapokea kodi kubwa kuliko anayolipa. Mzee alipolalamika akasomewa kifungu kwa sauti mbele ya watu. Alikuja kwetu na ule mkataba mkononi, akauliza, "Mwanangu, hapa nilikataza au niliruhusu?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Alisubiri mpaka mkataba ukaisha. Maneno mawili tu yangemwokoa: "Mpangaji hataruhusiwa".

3. "May have" ni "huenda". Nimeiona ripoti ya ukaguzi ambayo mkaguzi alikuwa na shaka tu kwamba huenda keshia alipokea fedha. Tafsiri ikasema keshia "aliruhusiwa kupokea". Shaka imegeuka kibali, na keshia angeitumia kujitetea.

4. "As the case may be": "kadiri itakavyokuwa". Msibuni.

Jumatatu nileteeni rasimu zile zile, kila "may" ya asilia imezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni mmeandika ni hiari, katazo au uwezekano. Isiyo na alama sitaisoma.