Miwani ya Kwanza ya Kuteleza kwenye Theluji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaanza kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, na dukani nimekuta miwani ya rangi na bei mbalimbali. Nichague kwa kuzingatia nini?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na jinsi miwani inavyokaa usoni, kwa kuwa lenzi bora haina faida ikiwa upepo unapenya pembeni. Ijaribu ukiwa umevaa helmeti utakayoitumia: sponji iguse uso pande zote bila kubana pua, na pasibaki pengo kwenye paji la uso.

Kuhusu lenzi, rangi isikushughulishe kuliko kiwango cha mwanga unaopita. Lenzi za daraja S1 hupitisha asilimia 43 hadi 80 ya mwanga na hufaa siku za mawingu, ilhali S3, zinazopitisha asilimia 8 hadi 18, ni za jua kali. Ukinunua moja tu, mimi ningekushauri S2, daraja la kati ya hayo mawili, ingawa katika ukungu mzito utatamani iliyo angavu zaidi. Hakikisha pia inazuia mionzi ya urujuanimno, kwani theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo na kuunguza macho hata kukiwa na mawingu.

Mwanafunzi huanguka mara nyingi na kutokwa jasho jingi, kwa hiyo chagua miwani yenye lenzi ya tabaka mbili na matundu ya hewa, na usiifute kwa ndani ikiwa na unyevu, maana utakwangua dawa inayozuia ukungu.