RV au mobaili homu wakati nyumba inajengwa: nimekaa kwenye zote mbili

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua ekari moja nje ya Fort Worth, ujenzi utachukua kama mwaka na nusu, mkataba wa apatimenti unaisha Agosti, na wewe na shemeji mna watoto wawili. Unauliza ununue mobaili homu au RV, yaani trela au gari la kusafiria lenye vitanda, jiko na choo ndani. Mimi, mke wangu na mtoto wetu tulikaa miezi 14 kwenye RV ya kuvutwa ya futi 31, kisha miaka miwili kwenye mobaili homu ya kupanga, huku huku kaskazini mwa Texas. Kwa hali yako nakushauri RV iliyotumika, ila usilipe hata senti kabla hujamaliza mambo ya kiwanja.

Jina la mobaili homu lisikudanganye. Ile ni nyumba. Inaletwa na lori, inapangwa juu ya matofali, inafungwa ardhini kwa mikanda ya chuma isichukuliwe na upepo, na kuanzia siku hiyo kuihamisha ni vibali, kampuni yenye leseni na maelfu ya dola. Jirani yetu alinunua yake ikiwa ndani ya paki, yaani eneo la mtu anayekodisha sehemu za kuweka mobaili homu, akawa analipia ardhi kila mwezi. Kodi ilipopanda mara ya tatu hakuwa na pesa ya kuihamisha, na mnunuzi hakupatikana. Akamwachia mwenye paki kwa bei iliyoniuma hadi leo. Sisi tuliopanga tulikabidhi funguo tukaondoka. Kwa hiyo mobaili homu kwa muda mfupi panga, usinunue. Na mtu akikushawishi na ya bei poa, tafuta kibandiko chekundu cha chuma kwenye ukuta wa nje. Kipo kwenye zilizojengwa baada ya sheria ya shirikisho iliyoanza tarehe 15 Juni 1976. Isiyo nacho, paki nyingi haziipokei.

Sasa kiwanja. Ulizia kama kiko ndani ya mipaka ya mji. Miji mingi hairuhusu watu kuishi kwenye RV kiwanjani. Nje ya mji, kaunti za Texas hazina nguvu kubwa za kupanga matumizi ya ardhi, lakini hati yako yenyewe inaweza kuwa na masharti yanayokataza trela, na majirani wanaweza kukushtaki kwayo. Isome yote, hata kurasa za nyuma. Halafu septiki, yaani tangi la maji taka la chini ya ardhi. Nyumba itaihitaji kwa vyovyote, basi mwambie mjenzi aanze na hiyo, pamoja na maji na umeme, ndipo trela iunganishwe hapo. Omba soketi ya ampea 50. Ampea 30 haiwashi viyoyozi viwili kwa pamoja, na Julai ya huku kiyoyozi kimoja ndani ya lile boksi hakitoshi.

Baridi ndiyo ilitufundisha adabu. Februari 2021, ile wiki ya barafu, Dallas ilishuka hadi nyuzi -19 za Selsiasi. Mpira wa maji uliganda kama fimbo, umeme ukakatika, na hita ya gesi ikabaki inategemea betri kusukuma feni. Mtungi wa ratili 30 uliisha kwa siku moja na nusu. Tulilala watatu kitanda kimoja, mtoto katikati na koti lake, nami nilikuwa naamka kila saa kugusa mikono yake. Baada ya hapo nilinunua mpira wenye waya wa joto, nikazungushia chini ya trela mbao za povu, na sikukaa tena na mtungi mmoja. Fanyeni hayo Novemba.

Unyevu nao unakuja kimyakimya. Ukisonga ugali au kuchemsha maharage mle ndani, madirisha yanatiririka maji. Tuliinua godoro la mtoto tukakuta ukungu mweusi nyuma yake. Fungua kitundu cha darini kila mnapopika, na nunua mashine ya kukausha hewa.

Tangi la choo usiache valvu wazi hata kama umeunganishwa na septiki. Maji yatatoka, uchafu utabaki na kuganda chini. Subiri lijae kama theluthi mbili, fungua, kisha achia maji ya sinki na bafu yasafishe bomba.

Mkienda kuangalia trela, nenda siku ya mvua ukiweza. Bonyeza kwa kidole gumba kila kona ya dari, chini ya madirisha na pembeni mwa kitanda. Pakibonyea, mbao zimeoza, ondoka hata kama kabati zinang'aa. Tafuteni yenye chumba cha dabo deka chenye mlango wake, maana watoto wakilala saa mbili nanyi mnahitaji pa kukaa mkazungumza. Mwende na shemeji, mkae ndani saa nzima mlango umefungwa, wote wanne.

Ukishapata jibu la kaunti kuhusu septiki, andika hapa urefu wa trela unayoitazama na mwaka wake, pamoja na gari ulilonalo. Pikapu nyingi haziwezi kuvuta kile muuzaji anachosema zinaweza, na hilo nitakusaidia kulipigia hesabu.