Maji hayayeyuki

Swali: Natafsiri makala kuhusu vinamasi vya mboji vya kaskazini mwa Siberia. Niliandika kuwa majira ya joto maji "huyeyuka na kupanda hewani". Mhariri amelikata neno "huyeyuka". Je, amekosea?

Jibu: Hajakosea hata kidogo. Kosa hili nalisoma kila siku na limenichosha. Kinachoyeyuka ni kitu kigumu, kikawa kiowevu. Tia kijiko cha samli iliyoganda kwenye kikaango cha moto: kingo zinalegea, katikati panatitia, mara inatiririka. Samli haijaenda popote. Chovya mkate utaikuta. Sasa tazama kanga iliyoanikwa kambani. Asubuhi ilikuwa inachuruzika, adhuhuri ni kavu, na ukiikamua hupati tone. Maji yamekwenda hewani. Yameyeyuka vipi, nayo yalikuwa maji tangu mwanzo?

Neno tunalo: mvuke, na kitenzi chake kuvukiza, jamaa wa kufukiza ubani. Jua huvukiza maji, maji huvukizwa.

Kwenye makala yako kosa hili linaharibu habari yenyewe. Mboji ile ni mabaki ya mimea yaliyolundikana majini bila kuoza sawasawa, na huko kaskazini sehemu kubwa imeganda kwa chini. Barafu hiyo huyeyuka kwelikweli. Juu yake hustawi sfagnamu, kimea laini kisicho na mizizi, kinachoweza kubeba maji mara 20 hivi ya uzito wake mkavu na kuyapandisha kama utambi upandishavyo mafuta ya taa. Hapo ndipo jua na upepo huyavukiza. Mti huweza kufunga vitundu vya majani yake hewa ikikauka. Majani ya sfagnamu hayana vitundu vya kufunga, basi huendelea kupoteza maji mpaka yenyewe ikauke na kupauka. Tena, kuvukiza kilo moja ya maji hula joto zaidi ya mara 7 ya lile la kuyeyusha kilo moja ya barafu. Ukiyaita yote mawili kuyeyuka, msomaji atajuaje joto la jua limekwenda wapi?

"Fedha zimeyeyuka" nimeshaizoea, siigombi tena. "Kinamasi kimekauka" ni sahihi, maana kilichokauka ni kinamasi. Wewe andika: "Majira ya joto jua huvukiza maji ya juu, na barafu ya chini huyeyuka."